Mara Tisa kwa Ukurasa Mmoja

Usiku ule sikupata usingizi. Binti yangu alikoroma vizuri tu. Mimi ndiye niliyeilinda simu yake, nikisubiri ujumbe wa chuo. Kamati ilikuwa inaamua kama chumba cha kusomea kifungwe, kwa kuwa sasa masomo na vitabu vya udaktari viko mtandaoni.

Yuko mwaka wa pili. Tunamwita Daktari tangu alipomchoma mwanasesere wake sindano ya mwiba. Kwetu ni chumba kimoja na nusu, na ile nusu ni ya kaka zake wawili na redio yao. Chumba cha chuo kikifungwa, atasomea wapi?

Chumba hicho ndicho ninachofagia. Shule niliishia la saba, lakini macho ninayo.

Wiki iliyotangulia alikuja pale dada mmoja, katumwa na kamati kuupima huo mfumo wa masomo ya mtandaoni. Akafungua kompyuta yake, akatabasamu.

"Mama, mfumo unapendwa huu! Jana umefunguliwa mara mia tatu."

"Na watu wangapi?"

"Mara mia tatu, mama."

"Mara nimezisikia, mwanangu. Nauliza watu."

Akacheka. "Wewe ungefaa uhakimu."

Nikamweleza ninayoyaona nyumbani. Daktari akiwa kwenye somo la moyo, hubonyeza mahali ili kitabu kifunguke kutoka maktaba ya mtandaoni. Mfumo humtoa nje, humdai neno la siri upya. Akirudi kwenye somo, hutolewa tena. Juzi nilimhesabia kwa vibanio vya nguo. Vilifika tisa, na ukurasa aliousoma ulikuwa mmoja.

Dada yule akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akajaribu mwenyewe. Akaingia, akatolewa. Akaingia, akatolewa. Mara ya nne akasonya.

"Wanafunzi wanavumilia haya?"

"Wanakuja hapa." Nikamwonyesha rafu. "Kitabu cha karatasi hakikuulizi wewe nani."

Akaandika kwa muda mrefu bila kuniangalia. Nikajua kibarua changu kimeota nyasi.

Kulikucha, ujumbe haukuja. Nilifika chuoni na ndoo yangu, nikakuta mlango umefungwa na wanafunzi kumi hivi wamesimama, Daktari akiwa miongoni mwao, macho yake mlangoni, hataki hata kunitazama. Mtunza maktaba akaja polepole na funguo zake.

"Wamesemaje, kaka?" nikamuuliza.

"Ngoja kwanza, mama, hii kufuli ina kiburi."

Akazungusha mara mbili. Akautoa ufunguo, akaupuliza, akaurudisha.

"Chumba hakifungwi," akasema akiwa ameikazia macho kufuli. "Mpaka mfumo upimwe upya. Safari hii wahesabu watu."

Mlango ukafunguka. Daktari akanipita bila hata salamu, akakimbilia kiti cha dirishani.