Ufunguo Uliopotea Kwenye Theluji

Jamani, nakiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine: mpaka leo nikipita sokoni Kimamba, watu wazima wenye ndevu zao wananiuliza kama ule ufunguo ulipatikana, na mimi naangalia chini kama kuku aliyenyeshewa.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye banda la video, papo hapo, kipaza sauti mkononi, Wazungu wanasema na mimi nasema juu yao. Mchana wa Krismasi banda lilijaa, Waislamu kwa Wakristo (sikukuu ni sikukuu), na filamu ya vita niliyoitangaza ikagoma kufunguka, basi nikaweka iliyokuwepo bila kuiangalia kwanza, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ilikuwa ya mapenzi, ya Krismasi, theluji mwanzo mwisho, watu wanapendana kwa sababu ya keki. Niliiponda, watu wakacheka, nikajiona fundi.

Sasa mjue kwamba wiki hiyo mke wangu Rehema alikuwa amehamia kwa dada yake Kidete. Kisa chenyewe, nilikuwa nimemwahidi kumpokea stendi ya Mikumi kwa pikipiki, nikanogewa na kutafsiri, nikamsahau pale tangu saa sita hadi saa kumi, na nyani wakamnyang'anya mkate mbele za watu. Nilimwambia simu iliisha chaji. Samahani sikusema (mwanamume mzima, kwa ajili ya mkate?), na tangu aondoke nyumba ilikuwa kimya hadi nikawa naongea na sufuria.

Basi kwenye filamu bwana mmoja naye alikuwa amemsahau mchumba wake kituo cha treni, na mwishoni akapiga magoti kwenye theluji, analia, anaomba msamaha. Nikaona ananisema mimi, nikatafsiri: "Anasema yeye hana kosa, mwanamke arudi nyumbani akapike."

Mzee Salehe, anayekaa benchi la mbele kila siku, akauliza, "Mkalimani, mbona kapiga magoti?"

"Kadondosha ufunguo, mzee wangu."

"Na hayo machozi ni ya ufunguo?"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni, na ningeijua hata usingizini. Rehema alikuwa amesimama pale na kanga yake (baadaye alidai alipita tu akienda nyumbani kuchukua sufuria).

Yule bwana akafungua mdomo tena, banda zima likanisubiri, na mimi uongo ukanishinda, kwa sababu ile filamu ya ovyo, pamoja na keki zake, ilikuwa imenishika pabaya. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Anasema simu haikuisha chaji. Alisahau tu. Anaomba samahani, na mkate atanunua." Kwenye picha hakukuwa na mkate wowote, na watu wote waliokuwa wanajua habari ya nyani wakageuka kumwangalia Rehema.

"Huyo wa kwenye theluji nimemsamehe," akasema. "Mkalimani aje Kidete, aje bila kipaza sauti."

Kesho yake nilikwenda na mkate mkubwa, nikapiga magoti uani mbele ya dada yake na mbuzi wao wote. Rehema akaniangalia weee, kisha akauliza nimedondosha nini. Nikamwambia, mke.

Tangu hapo sitafsiri filamu ambayo sijaiona, na maneno ya mtu aliyepiga magoti siyagusi. Ile ya theluji bado nasema ni ya ovyo, na Rehema anajua kwamba sijaifuta.