Konokono Mezani kwa Beryl

Miaka thelathini na minne Beryl Catchpole ameuza nyuzi za sufu na vifungo katika soko la bandari ya Orfleet, na miaka yote hiyo hajawahi kutia konokono wa baharini mdomoni. Harufu yake tu humtibua roho. Sasa balaa ni kwamba meza ya jirani ni ya Des Utting, na Des huuza hao hao: huwachemsha, huwatia siki, huwapima kwa kikombe.

Hawa wawili ni paka na panya kwa ajili ya maturubai yanayofunika meza zao. Beryl anasema la Des limevuka mpaka kwa kiganja kizima. Des anauliza, kiganja cha nani? Mwaka wa tisa huu, na hakuna aliyechoka.

Sheria ya soko haina huruma. Saa mbili kamili asubuhi Bwana Pryke, msimamizi, hupita akipiga kengele. Meza isiyo na bidhaa hupewa mchuuzi aliye kwenye foleni, na ikikutwa tupu mara tatu kwa mwaka, mwenyewe ameipoteza moja kwa moja. Mwaka huu Beryl alishakutwa mara mbili, na zote ni kwa sababu ya daraja. Anaishi ng'ambo ya maji, na meli ikiingia daraja huinuliwa, uwe na haraka usiwe nayo.

Jumamosi hiyo alitoka mapema, anakokota kigari chake cha sufu. Hatua ishirini tu kabla ya daraja, taa nyekundu ikawaka.

"Jamani, meli gani tena hii?" akamuuliza mwanamke aliyesimama pembeni.

"Ya mchanga, bibi. Na naona haina habari na mtu."

Kweli haikuwa nayo. Ilipita kwa madaha kama bibi harusi. Beryl aliitukana kimoyomoyo, kisha akaitukana kwa sauti. Kengele ya Pryke ikasikika ng'ambo ya maji: mara ya tatu hiyo. Ana miaka sabini na miwili. Mume alishafariki, watoto wako Australia. Bila meza ile angebaki kuongea na redio.

Daraja liliposhuka hakukimbia. Alikwenda ili aone tu ni nani amekalia mahali pake.

Hakukuwa na mtu. Mezani palikuwa na mabeseni matatu ya konokono, na Bwana Pryke mbele yake, daftari mkononi, anakuna kichwa.

"Bi Catchpole, tangu lini unauza konokono?"

Kabla hajajibu, Des akadakia bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Tangu leo. Sufu hailipi siku hizi."

"Sijakuuliza wewe, Des."

"Basi muulize mwenyewe, si huyo hapo!"

Pryke akamgeukia. "Ni wako hawa?"

Beryl akatazama mabeseni. "Wangu."

"Haya. Desturi unaijua. Kilichokutwa mezani na kengele ndicho kinachouzwa mpaka saa sita. Sufu ibaki kwenye kigari."

Akauza, leso imefungwa puani. Wateja wake wa siku zote hawakumwonea huruma. "Beryl, sweta ya mjukuu wangu itakula vikombe vingapi?" aliuliza mmoja, na soko zima likacheka.

Saa sita akamrudishia Des mabeseni, matupu.

"Kwa nini umefanya hivi?"

"Wangemweka pale yule wa kwanza kwenye foleni, wa vifuniko vya simu," Des akasema. "Mpole kupita kiasi. Kila ukimwambia kitu, anakubali. Sasa mimi ningegombana na nani?"

Machozi yalimlenga Beryl. Akainua macho juu haraka.

"Turubai lako limevuka tena."

"Kwa kiganja cha nani?"

"Changu!" akasema Beryl, akakinyoosha apime, kinanuka siki.