Mmoja Kati ya Kumi

Mpokea simu wa ofisi ya udahili ya chuo kikuu huvua hereni ya kulia kabla ya kuinua simu, kisha huzungumza kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Walio nje ya jimbo tunachukua mmoja kati ya kumi, mpenzi," huwaambia wazazi wa Ohio na Texas. Wakilia, huwaacha walie mpaka watosheke. Maribeth, jirani yake mezani, hajapata kumsikia akimpa mtu matumaini. Jumanne moja ya Novemba aliinua simu. Aliyepiga alikuwa bintiye, anayeishi Nebraska na baba yake tangu talaka, asiyepiga ila Krismasi. Sauti ya msichana ilimfikia hata Maribeth.

"Mama, leo usinijibu kama mwanao. Nijibu unavyowajibu wengine: nikiomba chuoni kwenu, nitapata nafasi?"

"Mmoja kati ya kumi," alisema. Akaipa ofisi mgongo. "Lakini omba, mwanangu. Tafadhali. Angalau nipate cha kusubiri mpaka majibu yatoke Machi."



"Nilishatuma maombi jana, Mama. Kwenye anwani ya kupokelea jibu nimeandika ya kwako."