Mikono Ndani ya Bandeji

Nilipoungua mikono, mwanangu alikuwa bado ananyonya. Mume wangu alikuwa amepanda treni kwenda Tabora kutafuta kazi, akaniacha pale Ilembo na mama yake. Mimi na mama mkwe hatukuwa na ugomvi, ila hatukuwa na mazungumzo pia. Shikamoo, marahaba, basi.

Siku hiyo nilikuwa nakaanga maandazi. Karai la mafuta likashika moto, na mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na jiko. Sikufikiri. Nikalibeba karai kwa mikono miwili, nikakimbia nalo nje, mafuta yakinimwagikia.

Jirani alikuja na dawa ya meno anipake. Mama mkwe alimzuia, akaniingiza mikono kwenye ndoo ya maji. Tuliondoka kwenda hospitali mtoto akiwa mgongoni kwake.

Nesi alifunga kila kidole peke yake.

"Nikivifunga pamoja vitagandana," alisema. Aliweka shashi yenye vaselini, juu yake shashi kavu, halafu bandeji, mpaka mikono ikawa minene kama magunia madogo. "Usiilowanishe. Usiifungue mwenyewe."

Hapo ndipo nilipofungwa kweli. Nzi akitua puani, namtazama tu. Khanga ikilegea, nasubiri mtu. Chooni nilipelekwa na mama mkwe, naye alinilisha uji huku nimeinamisha macho kwa aibu. Mtoto akilia, alimweka kifuani pangu, akamshikilia mpaka ashibe, kisha akamchukua. Tulikaa hivyo, goti kwa goti. Nje mvua ilinyesha, njia yote tope. Nilitamani kurudi kwetu Mwamkulu, lakini ningeufunguaje hata mlango?

Kwenda kubadilishwa bandeji ndiko nilikokuogopa kuliko yote. Siku moja nesi mwingine, mwenye haraka, alivuta shashi ikiwa imekauka juu ya kidonda. Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka.

"Mwanangu, iloweke kwanza!" mama mkwe alimwambia. "Unamchuna ngozi mpya."

Nesi akaleta maji ya chumvi, akayamwagia taratibu mpaka shashi ikaachia yenyewe. Mimi nilikuwa nimeuegemeza uso begani kwa mama mkwe. Sikukumbuka kuutoa.

Njiani kurudi aliniuliza, "Kwa nini hukulitupa lile karai?"

"Mtoto alikuwa pale, mama."

Usiku ule alinisuka nywele, bila kuombwa.

Bandeji zilipotolewa kwa mara ya mwisho, ngozi ilikuwa ya rangi ya waridi, nyororo kama si yangu. Nesi alinipa kitambaa nikiminye kila siku ili vidole visikakamae. Nilifika nyumbani nikamnyooshea mtoto mikono. Aliitazama, akaficha uso kwenye shingo ya bibi yake.

"Usimlazimishe," mama mkwe alisema. "Hajaizoea."

Niliketi kizingitini nikiminya kile kitambaa, mikono iko wazi na sina wa kumbeba. Ilipita wiki kadhaa kabla mtoto hajakubali. Alikuja mwenyewe, akanishika kidole gumba, akakiingiza mdomoni. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho, akatutazama kwa muda, akaendelea kuchambua.