Mashine Iliyoitwa Mchoyo

SAA moja asubuhi ya Jumamosi, Mhandisi Tarsisi Kasaka amelala chali chini ya mashine yake, mkono mmoja kwenye kopo la grisi, mwingine haujulikani ulipo. Anaipaka grisi mashine ambayo haijazunguka tangu mvua za vuli.

Kwenye gurudumu lake kubwa zimeanikwa nepi mbili na kaptula moja. Kwenye mguu wake mmoja amefungwa mbuzi. Mbuzi huyo anamtazama mhandisi kwa macho ya mpangaji aliyechoshwa na mwenye nyumba anayekuja kukagua kila wiki.

Jirani tu na hapo, wanawake wa machimbo ya Nyakasenge, kusini mwa Geita, wamekwishaanza kazi. Wameketi chini, miguu wameinyoosha, kinu cha chuma katikati ya magoti, wanaponda mawe ya dhahabu kwa vipande vya ekseli. Vumbi jeupe limewapaka nyusi. Mgeni akipita haraka atadhani machimbo yote yamejaa bibi vizee.

"Mwangaluka, Injinia!" anaita Mbuke, mkubwa wao, ambaye kila mtu anamwita Mama Jilala. "Mchoyo ameamkaje leo?"

"Ameamka na njaa, mayo," anajibu Kasaka kutoka uvunguni, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi mwambie avumilie. Sisi wenyewe hatujanywa uji."

Wanawake wanacheka. Kasaka naye anacheka, ila kicheko chake kinakatika mapema, kama injini iliyoishiwa dizeli.

Jumatatu ndiyo mwisho. Stanslaus, mwenye duara kubwa kuliko yote hapa, yaani shimo la kuchimbia, ndiye pia mwenye kiwanja kilichobeba mashine. Anataka kufungua shimo jipya papo hapo. Ikiwa hadi Jumatatu hakuna atakayeleta mawe yasagwe, vijana wake watakuja na nyundo, na Mchoyo atauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Kasaka hana pengine pa kuipeleka. Lori la kuibeba hana. Na kwa maneno yake mwenyewe, "umri wa kuunda nyingine nao sina."

Ana miaka hamsini. Alizaliwa Ushirombo, jirani na misheni, mtoto wa seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa. Wazee wa huko wanasimulia kwamba akiwa darasa la pili aliifungua saa ya padri, akairudisha ndani yote, na vipuri vitatu vikabaki mkononi. Saa ikaenda vizuri kuliko mwanzo, ila ikawa inagonga saa sita mara saba, na waumini wa Ushirombo wakawa wanakula mchana wakiwa na wasiwasi.

"Uongo," anasema Kasaka. "Vilibaki vipuri viwili."

Mwaka 1963 alipata nafasi ya kwenda Chekoslovakia kusomea uhandisi wa mitambo. Alirudi baada ya miaka mitano akiwa na shahada, koti zito asilolihitaji, na michoro ya mashine kumi na moja aliyotaka kuiundia nchi yake. Akapangiwa kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga.

Hapo aliunda mashine yake ya kwanza. Msimu ule pamba ilikuwa inafika kiwandani na mawe ndani ya magunia. Nani aliyatia? Mkulima alimtaja karani wa mizani, karani akamtaja dereva, dereva akautaja upepo. Mawe yalikuwa yanavunja meno ya mitambo. Kasaka akaunda chekecho la feni lililopuliza pamba juu na kudondosha mawe chini. Lilifanya kazi siku ya kwanza lilipowashwa.

Lilifanya kazi mno. Rundo la mawe nyuma ya kiwanda likakua. Watu wa mtaa ule wanaapa kwamba kabla msimu haujaisha fisi mmoja alilipanda, akaziona taa za Tabora, akashuka akiwa na mawazo ya kuhama. Kasaka anasema halikufika huko. Lilifika kwenye dirisha la meneja.

"Akaniita, akaniuliza, haya mawe yametoka wapi? Nikamwambia, kwenye pamba, mzee. Akauliza, na tuliyanunua kwa uzito wa pamba? Nikasema ndiyo. Akaniambia, 'Kasaka, kabla hujaleta mashine yako, kiwanda hiki hakikuwa na mawe.'"

Chekecho liling'olewa wiki hiyo hiyo.

Mashine yake ya pili, ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba, haikuwahi hata kukohoa. Injini yake ilikuwa njiani juu ya lori vita vya Kagera vilipoanza. Lori likachukuliwa kwenda vitani pamoja na mzigo wake. "Lori lilirudi," anasema. "Injini haikurudi. Labda ilipandishwa cheo."

Anayasema haya akitabasamu, na wasikilizaji hutabasamu naye. Hatabasamu anapofika kwa Paskalia.

Paskalia alikuwa dada yake, mtoto wa kwanza wa seremala. Alipofiwa na mume alikuja hapa Nyakasenge, akakaa mbele ya kinu karibu na Mama Jilala, akaponda mawe kwa miaka saba. Kasaka alipohamishiwa karakana ya serikali mjini Geita, alimkuta dada yake anakohoa kitu cheupe. Alimpeleka hospitali mara nyingi. Alifariki mwaka 1982.

"Siku ya matanga nilikaa nje nasikia vinu," anasema Kasaka. "Jirani zake walikuwa wamerudi kazini. Sikuwalaumu. Nikasema, nitaunda kitu kitakachoponda mawe bila vumbi kutoka. Hata chembe isitoke."

Ilimchukua miaka minne, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Alinunua bati nene la tangi la mgodi wa zamani uliofungwa, akalikunja kuwa pipa. Ndani akatia gololi za bering za treni. Injini ilikuwa ya mashine ya kusaga nafaka iliyokwishakataliwa hata na mahindi. Mshahara wake ulikuwa ukiisha tarehe kumi ya mwezi, na tarehe kumi na moja akiuza kitu cha ndani ya nyumba.

"Kitanda chetu kimo humo," anasema mkewe, Anisia, aliyemletea viazi vitamu kwenye bakuli. "Springi zote alizitoa, kazitia chini ya injini isitetemeke. Injini haitetemeki. Sisi ndio tunalala sakafuni, tunatetemeka."

"Mama Clemens, si nilikuahidi kitanda kipya?"

"Uliniahidi. Na mimi nikakuahidi nitakilalia. Tumebaki na ahadi mbili na mkeka mmoja."

Mdomo wa pipa Kasaka aliuziba kwa mpira wa tyubu ya trekta na bolti kumi na mbili. Hapo ndipo penye fahari yake yote. Vumbi halikuwa na pa kutokea. Na hapo ndipo alipokosea.

Siku ya kuiwasha, Agosti mwaka jana, walikuja watu hadi wa Bukombe. Wapo wanaosema mlio wake wa kwanza uliwafanya kuku wa Nyakasenge nzima watage kabla ya saa yao, na kwamba jogoo mmoja, kwa aibu ya kubaki nyuma, naye alijaribu. Ambalo halina ubishi ni hili: kabla ya mchana mashine ilisaga mawe ambayo wanawake wangeyaponda kwa wiki nzima, na hakuna aliyekohoa. Stanslaus alicheza ngoma bila ngoma kuwapo.

Mama Jilala hakucheza. Alisogea, akauliza swali moja.

"Injinia, kinu chake kinapanguswa wapi?"

Kasaka akafungua mfuniko kwa furaha, akamwangazia ndani kwa tochi. "Hapapanguswi, mayo. Hakuna kinachobaki. Unga wote unakwenda kwa mwenye mawe, hata wa kutia kwenye ukucha haupotei."

Mama Jilala akatazama ndani ya pipa kwa muda. Akasema, "Wabeja," ambayo ndiyo asante ya Kisukuma, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Jioni ile mashine ilikuwa imekwishapata jina. Mchoyo.

Mtu aliyekulia machimboni angelijua kosa kabla ya kulitenda. Mwenye duara anampa mwanamke mawe. Mwanamke anaponda, anachekecha, anarudisha unga. Lakini uliong'ang'ania kuta za kinu na uliorukia gunia alilokalia ni wake. Wanauita "cha kinu". Hakuna anayeupima wala kuuzungumza. Siku ya Jumamosi kila mmoja anakung'uta gunia lake, anauosha unga wake kwenye karai, na katika tope lile hutoka chumvi ya nyumbani, daftari za watoto na kanga ya sikukuu.

Kesho yake, baada ya Mchoyo kuwashwa, hakuna mwanamke aliyebeba jiwe. Wala hakuna aliyewasha jiko, maana waponda mawe ndio pia wake, dada na mama wa wachimbaji. Mchimbaji mmoja anadaiwa kukonda hadi kofia yake ikamshukia mabegani. Siku ya nne wenye maduara wote walirudisha mawe kwenye vinu, Stanslaus akiwa wa kwanza, sahani mkononi.

Kasaka hakukata tamaa. Alifanya jambo ambalo anasema lilimuuma kuliko kung'oa springi za kitanda: alitoboa pipa.

"Nimesoma miaka mitano namna ya kuzuia kitu kisivuje," anasema. "Nikatumia wiki mbili kuunda mvujo."

Lilikuwa tundu dogo lenye kizibo, na chini yake sinia la bati ndani ya kisanduku kilichofunikwa. Unga kidogo ungeangukia humo bila vumbi, na huo ungekuwa cha kinu. Aliwaita Stanslaus na Mama Jilala waone, akasaga mawe kidogo mbele yao.

Stanslaus alilitazama sinia, akalitazama tena. "Injinia, hii yote ni ya kwao?"

"Ndiyo ile ile wanayoipata siku zote, bwana Stanslaus. Nimeipigia hesabu."

"Siku zote? Kiasi hiki? Haiwezekani! Yaani nimekuwa naibiwa mimi tangu nifungue duara!"

"Hujaibiwa, baba," Mama Jilala akamwambia. "Umeonyeshwa."

"Basi tupunguze. Robo yake inatosha."

Mama Jilala akamgeukia Kasaka, na waliokuwapo wanasema hakuwa na hasira, alikuwa kama anayemhurumia. "Umeona? Hajamaliza hata kusimama hapa. Leo robo, kesho kijiko. Ya gunia langu haioni mtu, ndiyo maana ni yangu. Yaya, hapana, mwanangu. Ziba tundu lako."

Hivyo wenye mawe hawakulitaka tundu, na wanawake hawakutaka mashine, liwepo tundu au lisiwepo. Kasaka akaliziba. Tangu hapo kila Jumamosi anapanda baiskeli kutoka mjini, anaipaka grisi, anazungumza na mbuzi.

"Shinyanga niliwaonyesha mawe," anasema huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Hapa nimewaonyesha unga. Nadhani watu hawakuomba waonyeshwe."

Saa nne Stanslaus anapita na vijana wake wawili kukagua kiwanja. Anamsalimia Kasaka kwa heshima, kisha anaanza kupima ardhi kwa kamba hadi kwenye mguu wa mashine. Mbuzi anahamishwa kwanza.

Kasaka anakwenda kwa Mama Jilala, anachuchumaa mbele ya kinu chake. Hili ndilo jaribio lake la mwisho, na anaongea polepole.

"Mayo, niletee karai moja tu leo. Stanslaus aone inazunguka. Hilo vumbi ndilo lililomwondoa Paskalia. Unakohoa kama yeye, nasikia hata nikiwa kule chini."

Mama Jilala anaacha kuponda. "Paskalia nilimwosha mimi, si mtu mwingine. Unadhani sijui kilichomwondoa? Nina wajukuu watano ndani, Injinia. Kifua kitaniua baadaye. Njaa inaua mwezi huu."

Kasaka anatazama kinu cha mwanamke huyo, kipande cha bomba la maji kilichopasuka ubavuni na kufungwa waya. Vingi vya vinu vilivyopo ni hivyo hivyo. Unga unapenya kwenye nyufa na kupotea ardhini, usimfae yeyote.

Mama Jilala naye anatazama pale macho ya Kasaka yalipo, kisha anatazama mashine. "Chuma cha yule ni kizuri," anasema. "Akivunjwa Jumatatu watampeleka Mwanza, atakwenda kuwa masufuria ya watu tusiowajua. Ukimkata wewe mwenyewe, anatoa vinu vingapi?"

Mhandisi hujibu swali la hesabu kabla ya kujua ameulizwa nini. "Ishirini na nane," anasema Kasaka. Halafu anakaa chini vumbini, suruali yake ya kazi na yote.

Anisia, aliyesikia, anakuja na kusimama nyuma yake. Hafanyi mzaha. Anamwekea mkono begani.

Mpango wa Mhandisi Kasaka kwa sasa ndio huo. Kesho, baada ya misa, ataazima mitungi ya gesi karakanani na kuikata mashine yake mwenyewe kabla ya nyundo za Jumatatu. Vinu vitakuwa na kitako kinene, havitapasuka. Springi zitarudi kitandani. Anapoulizwa kama ana matumaini, anafikiri kwanza, kisha anasema anatumaini vitadumu miaka thelathini. Haongezi neno kuhusu watakaopondea humo.

Wanawake wamesogea kuizunguka mashine, wanaigonga kwa vidole, kila mmoja anachagua upande. Kasaka anatoa chaki na futi mfukoni.

"Changu mdomo uwe mpana," anasema Mama Jilala.

"Mpana kiasi gani, mayo?"

Anainua mikono yake miwili kuonyesha, na kabla hajaituliza kikohozi kinamkamata, kirefu, mikono inacheza hewani. Kasaka anasubiri mpaka kiishe. Kisha anainyoosha futi yake, anapima kutoka kiganja hadi kiganja.