6/9 ilininyima harusi ya dada yangu, ikaja kunipa heshima kwenye makabati ya pika London

Wakuu, salamu kutoka Thamesmead, huku mvua haina ratiba.

Hii si chai, ni kweli tupu. Ingekuwa chai ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana nusu ya kisa hiki mjinga ni mimi.

Nianze na ujinga wenyewe. Dada yangu Neema anaishi Houston. Alipokuwa anaolewa alinitumia kadi imeandikwa 6/9. Nikaomba likizo ya Septemba, nikanunua suti, nikakata ticket.

Mwezi Juni, niko zangu kwenye treni, naona picha za harusi kwenye group la familia. Bibi harusi ni Neema.

Wamarekani wanatanguliza mwezi, wakuu. 6/9 yao ni tarehe tisa Juni.

Tangu siku hiyo jina langu kwenye ukoo ni Pimbi. Sisi watu wa Singida pimbi tumewazoea kwenye mawe, na mtu mzima akiitwa hivyo anajua inazungumziwa akili yake. Neema mwenyewe hata hakunitania. Alininunia miaka miwili, na iliniuma kweli.

Sasa sikieni. Nikapata kazi ya temporary kwenye makumbusho moja hapa London, kuingiza data za pika. Pika ni kamnyama ka kwenye mawe ya nchi za baridi, kama sungura aliyekatwa masikio, kanakausha majani ya akiba. Kwa mbali utasema pimbi mtoto. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi ilikuwa hivi: kwenye makabati kuna ngozi zimejazwa pamba, kila moja na label mguuni. Nasoma label, naandika kwenye computer, inatokea nukta kwenye ramani. Pika wa kaskazini ana nususpishi kadhaa, yaani makundi ndani ya spishi moja. Siberia wana wao, kisiwa cha Hokkaido kule Japani wana wao. Ramani ndiyo inasema nani anaishi wapi.

Tatizo lilikuwa nukta nne. Ngozi nne zina sura ya Siberia kabisa, ila register inasema zimetoka Hokkaido.

Mtaalamu wetu mkuu, tumwite Daktari, Mwingereza mpole lakini akishaamua ameamua, alikuwa ameshaandika kwamba kundi la Siberia lipo Hokkaido pia. Paper yake ya utafiti inaenda kuchapishwa Ijumaa. Mkataba wangu nao unaisha Ijumaa hiyo hiyo, na wa kuuongeza ni yeye.

Jumanne nikazitoa zile nne. Zilikusanywa na Mmarekani mmoja wa zamani. Namba zake zinafuatana, 41 hadi 44. Tarehe ni 6/9, 6/10, 6/11, 6/12. Mahali hakuandika. Karani wa makumbusho wa enzi hizo alisoma tarehe, akatazama kwenye diary ya safari jamaa alikuwa wapi, akajaza mwenyewe. Septemba mpaka Desemba jamaa alikuwa Hokkaido.

Nilipoiona ile 6/9 nikaikumbuka kadi ya Neema.

Yaani huyu bwana anakamata pika mmoja kwa mwezi, tena tarehe sita tu? Ana zamu?

Nikafungua diary. Juni yote alikuwa Siberia.

Niwe mkweli, niliogopa. Mtu wa temporary, mkataba umebaki siku tatu, unaenda kumwambia Daktari amekosea? Kwa ushahidi gani, kadi ya harusi?

Nikamweleza Mama Nirmala. Huyu ni mama wa Kihindi anayekaa Queensbury, kazaliwa na kukulia Tanga, anajitolea pale tangu astaafu, na Kiswahili chake kinanishinda. Nikampa na kisa cha Houston. Hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mwanangu, baada ya arobaini na nne kuna nini?"

Namba 45 haikuwepo kwenye droo za Hokkaido wala za Siberia. Tuliisaka mpaka alasiri, tukaikuta kabati la mwisho, kwenye droo ya wasiojulikana walikotoka.

Label yake: 6/13.

Karani alipofika hapo alikwama, kwa sababu mwezi wa kumi na tatu hakuna. Mimi na Mama Nirmala tulishikana mikono tukacheka kama wendawazimu.

Kesho yake nikampangia Daktari ngozi tano mezani, nikamwomba asome tarehe kwa sauti. Nne za kwanza alisoma vizuri tu. Ya tano akaanza, "Tarehe sita mwezi wa..." Akavua miwani. Akarudia zote tangu mwanzo, safari hii Kimarekani.

Halafu akafuta ile aya yote mbele yangu, akauliza nimegunduaje. Nikamwambia nilikosa harusi.

Wakuu, nukta nne zilihama Hokkaido kwenda Siberia mouse nimeshika mimi, na yule wa tano naye akapata kwao. Mkataba nikaongezewa mwaka mzima. Na chini ya ile ramani limeandikwa jina langu kamili, kwamba tarehe zilisahihishwa na mimi. Siku hiyo nilitembea Thamesmead kifua mbele kama mbunge.

Nikampelekea Neema picha ya ukurasa ule, na samahani nyingine. Kisha akajibu:

"Mtoto wangu anabatizwa tarehe tano, mwezi wa SITA, JUNI, ule unaokuja kabla ya Julai. Njoo, Pimbi wangu."

Nililia kwenye basi, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: kosa lililokuumbua usilifukie. Nisingeukumbuka ule ujinga wangu, wale pika wangebaki ugenini. Na jamani, mwezi andikeni kwa jina.

Ticket nimekata, mke wangu kaikagua mara tatu. Nani mwingine humu kaponzwa na tarehe? Mwageni yenu, ila wa kunitania kuhusu pimbi wapange foleni.