Tanzia ya Mama Mkubwa na Picha za Kamari

Mama mkubwa alizikwa Bukoba siku ya Ijumaa, na kabla matanga hayajaisha, ndugu yetu anayeishi kisiwani Bumbire akanipigia simu akifoka. "Mmemweka marehemu kwenye kamari?"

Nikafungua tovuti. Niliianzisha mimi, ili watu wa msikiti wetu waliotawanyika wapate habari za misiba. Mahali pa tanzia ya mama mkubwa palikuwa na picha za sarafu zinazomwagika na maneno ya kuhimiza watu wabeti.

Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, tuliikodi mtandaoni, na aliyeiandaa ni shemeji yangu, mume wa dada, mwenye duka la kompyuta Muleba. Kesho yake nikapanda basi na kompyuta yangu begani, nikisoma maelekezo kwenye simu njia nzima.

"Uliweka mfumo gani wa kuendeshea seva?" nilimuuliza kabla sijakaa.

"Linux. Toleo nililojifunzia chuoni, nalijua vizuri."

"Na watengenezaji bado wanalirekebisha?"

Akakuna shingo. "Waliacha siku nyingi. Lakini waitu, shemeji, nani atahangaika kuvamia tanzia?" alisema, akinibembeleza kwa hilo neno la Kihaya.

Nenosiri la msimamizi lilikuwa jina la mtaa wetu. Milango yote ya kimtandao ya seva aliiacha wazi, eti nisipate usumbufu. Usumbufu! Mimi ndiye niliyelazimika kumweleza mama yangu kwa nini dada yake anatangaza kamari.

"Ngoja nifute tu hizo picha," alisema, akivuta kibodi.

"Usiguse. Mtu akishaingia humo, utajuaje ameacha nini?"

Nilikaa kwenye kiti chake, wateja wakitutazama, nikafuta seva nzima. Safari hii nilichagua toleo jipya la Linux, lile linaloahidiwa marekebisho kwa miaka mingi, nikaweka programu zile tu ambazo tovuti inazihitaji. Nikaliagiza lijisasishe lenyewe. Nikafunga milango yote, nikabakiza ya tovuti na mmoja wangu wa kuingilia. Na huo haukubali nenosiri, ila ufunguo wa siri uliomo kwenye kompyuta yangu. Haikuwa kazi ya ajabu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi: angeweza kuifanya huku anakunywa chai.

Tanzia ya mama mkubwa niliiandika upya. Za waliomtangulia zilipotea, maana shemeji hakuwahi kuhifadhi nakala.

"Basi nipe na mimi huo ufunguo, nikusaidie siku ukikwama," alisema nilipokuwa naondoka.

"Hapana."

Dada alinuna. Alisema nimemdhalilisha mumewe dukani kwake mwenyewe, na huenda ni kweli. Tovuti haijavamiwa tena. Lakini wapo jamaa hapa Bukoba ambao mpaka sasa wanaamini nilikula hela za watu wa kamari, na tukikutana barabarani hunisalimia kwa mdomo tu. Shemeji anawafahamu wote. Hajawahi kwenda kuwaambia lolote.